Kabla Damu Yako Haijarudishwa Gotini

Shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu jioni moja, sauti yake ina furaha ya mtu aliyekwisha kupona. Magoti yake yamesagika kwa miaka. Kupanda daladala kwake ni kazi, na kuinuka kwenye kibao cha mbuzi baada ya kukuna nazi mbili ni kazi kubwa zaidi. "Mwanangu," akaniambia, "sasa hawanipi tena vidonge. Wanachukua damu yangu mwenyewe, wanaizungusha kwenye mashine, wanatoa ule uzima wake, wananichoma gotini. Damu yangu mwenyewe! Itanidhuru vipi?" Kisha akataja bei. Nilimwomba asitoe hata shilingi mpaka nishuke Tanga.

Nimefanya kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka 20, na mashine aliyokuwa akiisema, sentrifuji, ndiyo niliyokaa nayo kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Kwa hiyo niliyomweleza shangazi niliposhuka Tanga nayaandika hapa kwa kila mtu ambaye ameshaambiwa habari za sindano hiyo, inayoitwa PRP, au ana mama, baba au mjomba aliyeanza kuzichanga fedha.

Nusu ya hoja ya shangazi ni kweli. Mwili haukatai damu yake wenyewe, na damu yako haiwezi kukuambukiza ugonjwa ambao huna. Lakini nusu ya pili, kwamba kwa kuwa ni yangu basi itaniponya, haifuati kutoka kwa ile ya kwanza. Damu ni yako. Kichupa, sindano, mkono unaochoma na ahadi unayopewa si vyako, na hivyo ndivyo vya kuulizia.

Sisi wa pwani tumezoea chuku na hijama: damu hutolewa, ikamwagwa, mtu akahisi amepungukiwa mzigo. Hapa damu inatolewa ili irudi. Huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono, ikatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia kuganda, kikazungushwa kwa kasi kwa dakika kadhaa. Ukikitoa kichupa unakuta damu imejigawa yenyewe. Chini zimezama chembe nyekundu, karibu asilimia 45 ya damu yote. Juu kuna majimaji ya manjano kama samli iliyoyeyuka. Hayo ni plazma, ambayo vitabu vya shule huiita utegili. Katikati kuna utando wa rangi ya maziwa, mwembamba kiasi kwamba mwanafunzi wa maabara siku yake ya kwanza huupita bila kuuona. Humo, na katika plazma iliyo juu yake kidogo, ndimo zinamopatikana chembe sahani.

Chembe sahani ndizo zinazokimbilia kidonda. Ukijikata na kisu jikoni, hizo hufika mwanzo, zikashikana, zikaziba. Lakini kazi yake haiishii hapo. Ndani zina vijifuko vilivyojaa protini, na zikiamshwa huzimwaga protini hizo pale pale palipoumia: nyingine zinaita chembe za kusafisha, nyingine zinachipusha mishipa midogo ya damu, nyingine zinaziamsha chembe zinazofuma ngozi na mfupa. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa kinywa na taya wa Miami, Robert Marx, aliandika na wenzake kuhusu wagonjwa 88 waliopandikizwa mfupa wa taya, akieleza jinsi plazma yenye chembe sahani nyingi, ndiyo PRP, ilivyosaidia mfupa kujijenga. Miaka 11 baadaye mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Hines Ward, alichomwa plazma ya damu yake gotini ili aweze kucheza fainali ya Super Bowl ya 2009, na tangu hapo wanamichezo wengi wakafuata. Ukisikia mtu wa kliniki anataja wachezaji, jua habari ilianzia kwenye taya na viwanja, kisha ndiyo ikaja kwenye magoti ya shangazi zetu.

Ipo na njia ya pili, inayotoka Düsseldorf, Ujerumani, kwa daktari Peter Wehling. Huko damu haizungushwi upesi upesi. Kwanza hulazwa kwa saa kadhaa kwenye bomba lenye vijishanga vya kioo, katika joto la mwili, mpaka chembe nyeupe zitoe kwa wingi protini inayozima moto wa uvimbe ndani ya maungo. Ndipo huzungushwa, na majimaji yake, seramu, ndiyo huchomwa. Kobe Bryant alisafiri hadi huko mwaka 2011 kwa ajili ya goti lake. Mtu akikuambia "tunatumia ile ya Ujerumani" na damu yako ikarudi gotini baada ya nusu saa, basi si ile ya Ujerumani. Saa ya ukutani inakutosha kujua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kliniki nyingi hazilisemi, na ambalo mtu wa maabara hawezi kulinyamazia. PRP si kitu kimoja. Panadol ya Mombasa na Panadol ya Mwanza zina kipimo kile kile. PRP za kliniki mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu damu za watu hazilingani, mashine hazilingani, na mafundi hawalingani. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita. Tuseme yako ina 200,000. Katika mililita 10 za damu hiyo kuna chembe sahani bilioni 2, basi. Mashine haitengenezi hata moja. Inazikusanya tu, na nyingine zinapotea njiani. Wapo watafiti wa goti wanaoona kwamba ili kuwe na matumaini zinahitajika kama bilioni 10 kwa sindano moja. Piga hesabu mwenyewe: kwa kichupa kimoja cha mililita 10 hufiki, hata fundi awe hodari namna gani. Utahitaji kutolewa mililita 60 au karibu na hapo, ambazo ni kama robo ya kikombe cha chai, na kutokana na hizo zitabaki mililita chache zilizokolea.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza, kabla hata ya bei, ni hili: "Mtanitoa damu mililita ngapi?" La pili: "Mnazihesabu chembe sahani kabla na baada ya kuzungusha?" Kipimo cha kuhesabu chembe za damu kipo karibu kila maabara ya wilaya, ndicho kile kile wanachopimwa wajawazito na watoto wenye homa. Kliniki inayoweza kununua mashine ya PRP haishindwi na kipimo hicho. Wakikujibu kwamba haina haja, wanataka kukuuzia dawa ambayo wao wenyewe hawajui umepewa kiasi gani.

Na goti lenyewe je? Hapa naomba uvumilivu, maana ukweli wake hauendi upande mmoja.

Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio kutoka Australia, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA. Watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, magoti yamesagika kwa kiasi kidogo au cha kati. Waligawanywa kwa kura: wengine wakachomwa PRP mara tatu, wiki kwa wiki, wengine wakachomwa maji ya chumvi ya hospitali, bila mgonjwa kujua amepata nini. Baada ya mwaka, katika kipimo cha maumivu cha sifuri hadi 10, waliochomwa PRP walikuwa wameshuka kwa 2.1. Waliochomwa maji ya chumvi walishuka kwa 1.8. Tofauti hiyo haina maana kwa mtu anayepanda ngazi. Wakapigwa picha za MRI kuona gegedu, ule mpira laini unaofunika ncha za mifupa, na gegedu ilikuwa imepungua kidogo pande zote mbili.

Tazama vizuri tarakimu hizo. Wa maji ya chumvi nao walipata nafuu. Maumivu ya goti hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na mtu huenda hospitali siku yanapokuwa yamejaa. Ukimchoma chochote siku hiyo, akahudumiwa kwa upole na kupewa matumaini, baada ya miezi atakuwa afadhali. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani hauwezi kukuamulia, hata jirani huyo awe mkweli kama nini. Yeye anasema alichokihisi. Ila hawezi kujua angehisi nini kama asingechomwa.

Wanaoitetea PRP walijibu kwamba plazma iliyotumika Australia haikukolezwa vya kutosha. Hoja hiyo naiheshimu, maana ni hesabu ile ile niliyoifanya hapo juu, na yapo majaribio mengine madogo yaliyoona nafuu ya miezi sita hadi mwaka, nzuri kuliko sindano ya jeli ya kulainisha goti. Madaktari wenyewe wamegawanyika. Chama cha wataalamu wa baridi yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa nguvu PRP isitumike kwa goti lililosagika, sababu mojawapo ikiwa kwamba kila mtu anaitengeneza kivyake. Wale wa upasuaji wa mifupa wa nchi hiyo hiyo, mwaka 2021, waliandika kwamba huenda ikapunguza maumivu, huku wakikiri kwamba ushahidi wake ni mdogo.

Msimamo wangu ni huu. Mtu ambaye goti lake limeanza tu kusagika, ameshajaribu mazoezi kwa dhati, na fedha anayotoa haitamfanya akose ada ya mtoto wala dawa ya presha, simlaumu akijaribu kwa daktari anayehesabu chembe. Mtu ambaye picha ya eksirei inaonyesha mfupa unagusa mfupa, huyo namsihi asitoe fedha yake. Hakuna protini ya damu itakayoirudisha gegedu iliyokwisha. Gegedu haina mishipa ya damu, na hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya isijirekebishe yenyewe. Yeyote anayekuahidi "gegedu mpya", au anayeiita PRP "seli shina", mwache hapo hapo. Plazma ya mshipani si seli shina.

Wengine huniuliza kuhusu steroidi, ile sindano ya bei nafuu inayotuliza goti kwa wiki chache. Inatuliza kweli. Lakini jaribio la 2017 kwa watu 140, waliochomwa kila wiki 12 kwa miaka miwili, liliona wa steroidi wakipoteza gegedu zaidi kuliko wa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana mwishoni. Mara moja moja, ukiwa na safari au msiba, sawa. Kuifanya desturi, hapana.

Basi kabla ya sindano yoyote, kuna kazi ambayo haimtajirishi mtu na ndiyo sababu haitangazwi. Misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti. Ikilegea, mzigo wote unaangukia kwenye gegedu. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, hesabu hadi tano, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea, inuka kwenye kiti bila kushika kitu, kaa, inuka tena, mara 10. Wiki mbili za kwanza goti litanung'unika, ni kawaida. Usipime matunda yake kabla ya wiki nane hadi 12. Ukiweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia akusimamie mwanzoni, utajua mapema kama unakosea.

La pili ni uzito. Watafiti wa Marekani waliowapima wazee wanene wenye magoti mabovu waliona kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Ukipunguza kilo tano, kila unapokanyaga goti linaokoa kilo 20, na mtu wa kawaida hukanyaga maelfu ya mara kwa siku. Simwambii mama wa miaka 60 ajinyime. Namwambia apunguze kijiko cha sukari na sahani ya pili ya wali, na aache soda.

La tatu ni namna tunavyokaa. Kibao cha mbuzi, kigoda cha jikoni, mkeka, choo cha kuchuchumaa: vyote hukunja goti hadi mwisho, na goti lililosagika linachukia kukunjwa hivyo. Inua kazi zako zije juu. Mbuzi ya kukunia ipo na ya kubana mezani. Choo cha kuchuchumaa huwekewa kiti cha mbao chenye tundu, seremala wa mtaani anakitengeneza kwa siku moja. Anayeshindwa kusujudu kwa maumivu anaruhusiwa kuswali kwenye kiti, na masheikh hawana shida na hilo.

Ama bamia zinazolowekwa usiku "zirudishe ute wa magoti", kula bamia, ni mboga nzuri. Utelezi wake hupitia tumboni kama chakula kingine na hauna njia ya kufika gotini.

Nimekaa sana kwenye goti kwa sababu ndilo linalouzwa zaidi. Lakini kuna mahali ambapo protini za damu yako zina sifa bora kuliko hapo, na ajabu ni kwamba ndipo pasipotangazwa. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari ni mfano mkubwa. Mwaka 2021 bima ya afya ya wazee ya Marekani, Medicare, ilikubali kulipia PRP kwa vidonda sugu vya kisukari, kwa hadi wiki 20. Bima hutoa fedha kwa uchungu, na ikikubali ni kwamba ushahidi umeishawishi. Hata hivyo plazma haichukui nafasi ya sukari kudhibitiwa, kidonda kusafishwa na kufungwa vizuri, na mguu kupumzishwa usikanyagiwe. Kwetu miguu mingi hukatwa kwa sababu hayo matatu yalichelewa, si kwa kukosa PRP.

Jicho nalo. Mtu mwenye macho makavu kupita kiasi, ambaye matone ya dukani hayamfai tena, anaweza kutengenezewa matone kwa seramu ya damu yake, mara nyingi ikizimuliwa hadi asilimia 20. Njia hii inatumika tangu miaka ya 1980, kwa sababu seramu ina protini nyingi zinazofanana na za machozi. Inatengenezwa katika hali ya usafi mkubwa na kuhifadhiwa kwenye baridi, kwa hiyo ni kazi ya hospitali ya macho, asikutengenezee mtu chumbani. Madaktari wa meno nao huweka tonge la plazma iliyoganda kwenye tundu la jino lililong'olewa ili lifunge vizuri. Nywele zinazonyonyoka kwa urithi huitikia kwa baadhi ya watu, kisha matibabu hurudiwa tena na tena, na hapo hesabu ya fedha ni yako.

Kano ya kisigino, ile inayowatesa wakimbiaji, hapana. Uingereza ilijaribu kwa watu 240, matokeo yakatoka 2021, na PRP haikuishinda sindano ya kuigiza. Kiwiko cha watu wanaofanya kazi za mikono nacho, mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka huo huo hayakuona faida ya maana.

Sasa usafi, na hapa sitapunguza maneno. Damu yako ni salama mpaka pale inapochanganyikana na ya mwenzako. Katika jiji la Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, kulikuwa na sehemu ya urembo iliyokuwa ikitoboa ngozi ya uso kwa vijisindano na kuipaka PRP. Mwaka 2018 mwanamke wa miaka ya 40, asiye na njia nyingine inayojulikana ya kuambukizwa, alikutwa na virusi vya UKIMWI. Wakaguzi walipoingia walikuta vichupa vya damu visivyo na majina juu ya meza ya jiko, vingine kwenye friji pamoja na chakula, na mabomba ya sindano yaliyokwisha kufunguliwa kwenye droo. Mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilipoandika ripoti yake mwaka 2024, ilieleza kwamba wateja watatu inaelekea waliambukizwa pale. Hayo yametokea katika nchi yenye wakaguzi na maabara kila kona.

Saluni na spa za miji yetu nazo sasa zinatangaza PRP ya uso. Nakusihi: damu isitolewe mahali pasipo na leseni ya kutibu. Tanzania uliza kama anayekuchoma amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya kuna baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Kuuliza si kumvunjia mtu heshima, na daktari wa kweli hataona vibaya.

Ukikaa kwenye kiti, fumbua macho. Bomba na sindano vifunguliwe mbele yako. Jina lako liandikwe kwenye kichupa kabla damu haijakiacha chumba, na uoneshwe tena jina hilo kabla ya kuchomwa. Mimi nimeona maabara nzuri zikichanganya vichupa siku ya watu wengi, na ikiwa ni kipimo tu, unarudia. Ikiwa ni sindano ya gotini, hakuna kurudia. Tazama pia kichupa chenyewe. Vile vya kifuniko cha zambarau vimetengenezwa kwa kupimia damu, havikutengenezwa kwa damu itakayorudi mwilini. Viko vichupa na seti maalumu kwa kazi hiyo, vyenye maandishi yake. Omba uvisome.

Siku ya kwenda pia ina hesabu yake. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzidhoofisha chembe sahani, na chembe iliyoguswa na aspirini haipati nguvu tena maisha yake yote, ambayo ni siku saba hadi 10. Ukizimeza dawa hizo wiki ya sindano unalipia chembe zilizolala. Lakini sikiliza vizuri: kama aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda umepewa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa ajili ya goti bila daktari wako wa moyo kusema. Goti haliui.

Na malaria. Hili halimo kwenye vipeperushi vya kigeni, kwa kuwa wanaoviandika hawaishi na mbu wetu. Malaria hushusha chembe sahani, mara nyingine sana, na dengue hali kadhalika. Ikiwa umeugua hivi karibuni, subiri upone kabisa na upimwe upya. Mwenye upungufu wa damu, mwenye saratani, mwenye jipu au kidonda kwenye ngozi ya hapo gotini, mwenye homa ya aina yoyote, asichomwe kwanza. Kunywa maji vizuri tangu jana yake, mishipa ionekane. Mwezi wa Ramadhani, ahirisha. Mtu aliyefunga na kutolewa mililita 60 mchana anaweza kuzirai, na hakuna goti linaloharibika kwa kungoja Idi.

Ukishachomwa, goti litauma zaidi kwa siku mbili tatu. Hilo ni la kutegemewa. Tumia Panadol na kitambaa cha baridi, epuka diklofenaki katika wiki za mwanzo, tembea polepole. Ila likivimba sana, likawa la moto, na mwili ukapata homa au baridi, usingoje kesho. Vijidudu vikiingia ndani ya goti huliharibu kwa siku chache. Nenda hospitali yenye daktari wa mifupa siku hiyo hiyo, na sema wazi kwamba ulichomwa sindano na lini.

Kuhusu bei, uliza jumla. Wengi hutajiwa bei ya sindano moja, kisha chumbani wanaambiwa zinahitajika tatu. Kama una bima, pata jibu lao kwa maandishi kabla, wala usitosheke na neno la karani wa mapokezi. Na muulize daktari: "Isiponisaidia baada ya miezi mitatu, utanishauri nini?" Anayejibu "tutarudia" bila kufikiri, ninamwogopa.

Shangazi alinisikiliza huku akichambua mchele, hakunikatiza. Mjukuu wake wa darasa la sita aliyaandika maswali kwenye daftari, tukaenda kliniki ile sote pamoja. Damu wangetoa mililita 10. Chembe hawahesabu. Eksirei ya magoti hawakuwa wameitaka. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu nyingi, akatuambia hakuna mteja aliyewahi kuuliza hayo. Tulimshukuru tukatoka.

Tukapiga eksirei katika hospitali ya serikali, na daktari akatuonyesha nafasi iliyobaki kati ya mifupa: goti la kushoto lina nafasi kidogo, la kulia karibu hakuna. Akampeleka fiziotherapia. Hiyo ni miezi minne sasa. Mbuzi ya mezani tumenunua. Daladala bado inamsumbua, kwa kuwa ngazi yake ni ndefu na kondakta hana subira, ila usiku anasema analala bila kuamshwa na goti la kushoto. La kulia daktari ameanza kulizungumzia kwa upasuaji wa kubadilisha, na shangazi amesema atatoa jibu mfungo mosi, baada ya kushauriana na wanawe.

Zile fedha za sindano bado ziko kwenye simu yake. Mara mbili ameniuliza kama ni kweli bima yake inaweza kuchangia goti jipya, na wiki hii ndiyo tunakwenda kupata jibu hilo kwa maandishi.